Kufuga kuku wa nyama bila antibayotiki kwenye chakula: mwongozo kamili

Mfugaji anayetaka kuachana na antibayotiki za kwenye chakula huanzia dukani, akiuliza atie kitu gani badala yake. Aanzie bandani. Dozi ndogo ya dawa inayoliwa kila siku huwabana bakteria wa utumbo, na kwa kufanya hivyo huficha maranda yaliyolowa, maji machafu, joto baya la wiki ya kwanza na chakula kisichoyeyushwa vizuri tumboni. Ukiitoa dawa huku makosa hayo yakibaki palepale, kuku watahara kuanzia wiki ya tatu, nawe utarudi kwenye dawa ukiamini kwamba haiepukiki. Ukirekebisha makosa kwanza, kuitoa dawa ni jambo jepesi kuliko wengi wanavyodhani.

Wadenmaki wametuonyesha. Wafugaji wao wa kuku wa nyama waliacha wenyewe antibayotiki za kukuzia mwaka 1998, na rekodi za mabanda zikaonyesha kwamba chakula kilichohitajika kupata kilo moja ya kuku kiliongezeka kwa takriban gramu 16 tu. Vifo havikupanda. Nchini Marekani, takwimu za kuku wapatao milioni 7 wa kampuni ya Perdue, zilizochambuliwa mwaka 2007, zilionyesha kwamba faida ya ukuaji haikufikia hata gharama ya dawa yenyewe. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibayotiki zote za kukuzia mifugo tangu tarehe 1 Januari 2006.

Sababu ya kuziacha ni usugu wa vimelea. Dozi ndogo ya muda mrefu huua bakteria dhaifu na kuwaacha wenye uwezo wa kuihimili, kisha hao ndio wanaozaana, wanaoingia kwenye mbolea, kwenye nyama na mikononi mwa mchinjaji. Kolistini, ambayo hospitalini hubaki kuwa dawa ya mwisho kwa mgonjwa aliyeshindikana kwa nyingine, ilikuwa ikitiwa kwenye chakula cha mifugo nchini China. Mwaka 2015 watafiti wa huko walitangaza kugundua jeni la usugu, mcr-1, linalohama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Mfugaji mwenyewe huumia mapema zaidi: siku kuku wake wanapougua kweli, dawa aliyowalisha tangu utotoni haifanyi kazi.

Kwanza, jua unacholisha sasa

Chukua mfuko wa chakula na mfuko wa premiksi, yaani mchanganyiko wa vitamini na madini, usome lebo zote mbili hadi mwisho. Majina ya kutafuta ni basitrasini ya zinki, tailosini, enramaisini, oksitetrasaiklini, klorotetrasaiklini na kolistini. Hizo ndizo antibayotiki za kukuzia. Kama lebo haisemi kitu, muulize msagishaji akuandikie, kwa sababu wengine huongeza "dawa ya kukuza" kwenye mchanganyiko bila kuitaja.

Kuna kundi la pili la kutenganisha na hilo: salinomaisini, monensini, narasini na lasalosidi. Hizi huzuia kuhara damu, yaani koksidiosisi au koksi kwa kifupi, na hazitumiki kutibu binadamu. Ulaya inaziruhusu hadi leo. Marekani, kuku anayeuzwa kwa lebo ya "hajawahi kupewa antibayotiki" hawezi kuwa amezila, kwa kuwa kule zinahesabiwa kuwa antibayotiki. Kwa mfugaji anayeanza kubadilika, ushauri wetu ni huu: toa dawa za kukuzia, bakiza kinga ya koksi. Ukivitoa vyote viwili kwa mpigo mmoja, hutajua kilichokuangusha ni kipi.

Tahadhari mbili kuhusu kundi hili la pili. Chakula chenye monensini au salinomaisini kikiliwa na punda au farasi humuua, hata kwa kiasi kidogo, basi usimwage masalia mahali anapopita punda wa kubeba maji. Na kuku wanaokula chakula hicho wasipewe tiamulini. Dawa hizo mbili zikikutana mwilini, kuku hulegea miguu, huacha kula na kufa.

Vifaranga na siku saba za mwanzo

Ile desturi ya kuweka antibayotiki kwenye maji kwa siku tatu za kwanza ilianza kwa sababu ya vifaranga wenye vitovu vibichi. Kitovu kisichofunga ni mlango wa bakteria, na kiini cha yai kilichobaki tumboni huoza. Dawa haifungi kitovu. Fungua maboksi machache kabla ya kupokea mzigo wote, geuza vifaranga 20 matumbo juu. Kitovu kiwe kimefunga na kukauka, tumbo lisiwe gumu wala lenye kuvuja, miguu ing'ae. Ukikuta wengi wana kikovu cheusi kilichovimba au harufu mbaya, rudisha mzigo. Kifaranga wa namna hiyo utamtibu wiki nzima na bado atadumaa.

Washa joto saa 24 kabla vifaranga hawajafika, ili sakafu na maranda vipate moto, siyo hewa peke yake. Kifaranga hupoteza joto kupitia miguu. Kwenye usawa wa mgongo wake kipimajoto kisome nyuzi 32 hadi 34 siku ya kwanza, kisha punguza nyuzi 2 hadi 3 kila wiki. Ukitumia jiko la mkaa, acha upenyo wa juu wa hewa. Hewa chafu ya mkaa huchosha mapafu, na mapafu yaliyochoka ndiyo huleta mafua ya wiki ya tatu yanayomkimbiza mfugaji dukani. Vifaranga 500 waanze kwenye eneo la mita za mraba 10 hadi 12, watandazwe polepole hadi wiki ya tatu wapate mita za mraba 50. Kuku kumi kwa mita moja ya mraba ndicho kikomo cha salama kwenye mabanda yetu yaliyo wazi, hasa ukanda wa pwani.

Kipimo kinachotuambia ukweli kuliko vyote ni gole, yaani mfuko wa chakula ulio chini ya shingo. Saa 24 baada ya kuwashusha, shika vifaranga 40 kutoka pembe zote za bruda, yaani eneo la kulelea vifaranga, papasa gole la kila mmoja kwa kidole gumba na cha shahada. Gole lililojaa na laini, kama uji mzito, maana yake amekula na kunywa. Gumu lenye chembe ni kwamba amekula bila kupata maji. Tupu, hajui chombo kilipo. Kati ya hao 40, angalau 38 wawe wamejaa. Pungufu ya hapo, tatizo ni joto, mwanga au idadi ya vyombo, na unalitatua usiku uleule. Utumbo unaopata chakula mapema hukua mapema, na bakteria wema huutawala kabla ya wabaya hawajaingia.

Siku ya saba pima uzito. Kifaranga aliyeingia na gramu 40 awe amefikia gramu 160 hadi 180. Vifo vya wiki hiyo vikizidi asilimia 1, tafuta sababu kabla ya kuendelea.

Maji

Kuku hunywa karibu mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na siku za joto zaidi ya hapo. Maji machafu basi ni kosa linaloingia tumboni mara mbili kuliko kosa la chakula.

Maji yawe maangavu kwanza. Yenye tope yaache yatulie au yachuje kwa kitambaa kizito, kwa sababu uchafu hula klorini yote. Kisha tia dawa ya kufulia ya klorini isiyo na manukato. Kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, mililita 1.7 kwa ndoo ya lita 20 hutoa kama miligramu 3 za klorini kwa lita. Pima kwa bomba la sindano, usikadirie kwa kifuniko. Acha nusu saa ndipo uwape. Bora zaidi nunua vijiti vya kupimia klorini na kuchovya kwenye chombo cha mwisho kabisa kwenye mstari, kwani huko ndiko inakokuwa imekwisha.

Mitungi isuguliwe kila siku kwa brashi. Ukipitisha kidole ndani ukahisi utelezi, huo ni utando wa bakteria, na klorini peke yake haiutoi. Mabomba yasafishwe kwa dawa yake kila kundi linapoondoka. Wengi wanaotia vitamini na sukari kwenye maji mfululizo huwa wanaulisha utando huo bila kujua. Vitamini zipewe kwa sababu maalumu, kwa saa chache, kisha chombo kioshwe.

Klorini huua chanjo. Iondoe saa 24 hadi 48 kabla ya siku ya chanjo, tumia maji safi yasiyotiwa kitu, na changanya gramu 2 hadi 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita kabla ya kutia chanjo. Wanyime maji saa moja au mbili ili wote wanywe, na chanjo iishe ndani ya saa mbili. Ratiba inayofuatwa na wengi ni kideri siku ya 7, Gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21. Fuata ile ya kiwanda kilichokuuzia vifaranga na daktari wa eneo lako, maana kinga ya mama hutofautiana. Gumboro usiiruke kamwe: huvunja kinga ya mwili, na kundi lililopitiwa na Gumboro hata dawa bora hailiokoi.

Maranda

Hapa ndipo vita vyenyewe. Vijiyai vya koksi hutoka kwenye kinyesi vikiwa havina uwezo wa kuambukiza. Vikipata unyevu, hewa na joto la nyuzi 25 hadi 30, hukomaa ndani ya siku moja au mbili. Vikikosa unyevu, vingi havikomai. Koksi huchubua ukuta wa utumbo, na mchubuko huo huvuja protini ambayo bakteria aitwaye Clostridium perfringens huipenda kuliko chochote. Huyo ndiye mwenye kuozesha utumbo. Antibayotiki ya kwenye chakula ilikuwa inamzuia yeye. Usipokuwa nayo, unamzuia kwa kumnyima mchubuko, na mchubuko unauzuia kwa ukavu.

Tandaza maranda makavu ya mbao kwa unene wa sentimita 5 hadi 10. Kila asubuhi chukua konzi chini ya mitungi, ukaze mkono, kisha fumbua. Yakishikana kidogo na kumomonyoka, ni sawa. Yakibaki donge, yatoe siku hiyohiyo na weka mapya. Yakipeperuka vumbi tupu, yamekauka kupita kiasi na yatawasumbua kwa mafua. Geuza kwa reki mara mbili kwa wiki. Pandisha mitungi kila baada ya siku tatu au nne, ukingo wake uwe usawa wa mgongo wa kuku, maana mtungi ulio chini humwagika. Chuchumaa hadi usawa wa kuku uvute hewa: macho yakiwasha, amonia imeshazidi, na kuku wamekuwa wakiivuta usiku kucha. Mapazia yafunguliwe juu hata kwenye baridi.

Maranda yakilowa banda zima na siyo chini ya mitungi tu, tatizo liko kwenye chakula: chumvi nyingi, dagaa wa chumvi, soya mbichi au mafuta yaliyoharibika.

Chakula

Protini ambayo haikuyeyushwa huteremka hadi mwisho wa utumbo na kuwa chakula cha Clostridium. Kuongeza dagaa "ili wakue haraka" ndiko kunakoharibu. Mchanganyiko wa kilo 100 za chakula cha kuanzia, wenye protini ya karibu asilimia 22, unaweza kuwa hivi: mahindi kilo 58, mashudu ya soya 32, dagaa 4, mafuta ya kula 2, dikalsiamu fosfati 1.5, chokaa 1.2, premiksi 0.5, chumvi 0.25, methionini 0.25, laisini 0.2 na kifunga sumukuvu 0.1. Dagaa wakiwa wa chumvi, toa ile chumvi. Vitu vidogo vyote vichanganywe kwanza na kilo 5 za mahindi yaliyosagwa, ndipo vimwagwe kwenye mchanganyiko mkubwa, la sivyo kuku mmoja atapata methionini yote na mwingine hatapata kitu.

Soya nzima lazima ikaangwe vizuri. Mbichi ina kizuizi kinachozuia kongosho kuyeyusha protini. Mahindi yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kama huna kipimo, tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kwenye chupa ya kioo iliyokauka, tikisa dakika mbili. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15, usinunue. Sumukuvu hushusha kinga na kuumiza ini, na hakuna antibayotiki inayoiondoa.

Unapobadilisha kutoka chakula cha kuanzia kwenda cha kukuzia, changanya kwa siku tatu: robo tatu ya cha zamani kwa robo ya kipya, kisha nusu kwa nusu, kisha robo kwa robo tatu. Na vyombo visikauke. Kuku aliyeshinda na njaa nusu siku kisha akabugia, utumbo wake huvurugika siku mbili baadaye.

Vya kuongeza badala ya antibayotiki

Sasa ndipo dukani. Bakteria wema, yaani probayotiki, ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza. Wazo hilo lilithibitishwa Finland mwaka 1973, Nurmi na Rantala walipowapa vifaranga wachanga bakteria wa utumbo wa kuku wakubwa na kuwakinga dhidi ya Salmonella. Siri yake ni kuwahi: siku ya kwanza, kabla nafasi haijajazwa. Kwa chakula cha tembe chagua ya Bacillus subtilis, kwa kuwa mbegu zake huvumilia joto la mashine. Ya Lactobacillus ipitie kwenye maji, na maji hayo yasiwe na klorini.

Asidi za kikaboni, kama ya fomiki na propioniki, hushusha pH ya maji, yaani huyaongezea tindikali. Lenga pH kati ya 4 na 6, upime kwa karatasi. Chini ya 4 kuku hukataa kunywa. Zinafaa zaidi siku za kubadilisha chakula na siku chache kabla ya kuchinja. Vimeng'enya kama faitasi na protiesi husaidia kuyeyusha, na kimeng'enya cha zailanasi kina maana kubwa kama chakula kina ngano au pumba nyingi za ngano.

Kitunguu saumu, mlonge na shubiri vinatumiwa sana. Havina madhara vikiwa vibichi na vikitolewa kwa saa chache, lakini vikishinda kwenye mtungi huoza na kuleta utelezi uleule tuliousema. Usivihesabu kuwa kinga ya koksi.

Kubadilisha kwa mpangilio

Kundi la kwanza lisibadilishwe lote. Gawa banda kwa wavu, vifaranga wa kiwanda kimoja, chakula kilekile, tofauti iwe dawa ya kukuzia peke yake. Pima kuku 50 kila upande kila wiki, andika chakula na vifo. Kuku wa wiki tano mwenye kilo 2 atakuwa amekula kilo 3.2 hadi 3.6. Tofauti ya pande mbili ikiwa ndogo, kundi linalofuata litoke dawani lote. Ikiwa kubwa, usilaumu kukosa dawa, chunguza maranda ya wiki ya tatu.

Kati ya makundi toa maranda yote, fagia kavu, osha kwa sabuni, suuza, kausha, ndipo upulize dawa ya kuulia vimelea, na banda lipumzike siku 14. Dawa nyingi za kupuliza hazigusi vijiyai vya koksi. Moto wa gesi juu ya sakafu ya saruji na kipindi kirefu cha ukavu hufanya kazi kubwa zaidi. Viatu vya bandani visitoke bandani.

Wakiugua

Dalili ya kwanza ni maji: matumizi yakishuka ghafla kuliko jana, kuna jambo. Wakifa, pasua watatu ambao wamekufa punde. Vifuko viwili vya mwisho wa utumbo vikiwa vimejaa damu, ni koksi. Utumbo mwembamba ukiwa umevimba kwa gesi, unachanika ukiushika, na ndani una utando wa kahawia uliokwaruza kama taulo kuukuu, ni utumbo kuoza kwa Clostridium, na mara nyingi kuku waliokufa ni wale wazuri wenye gole lililojaa. Usipokuwa na uhakika, peleka mizoga kwenye barafu maabara ya mifugo. Tanzania kuna maabara za TVLA, yaani Wakala wa Maabara ya Veterinari, Kenya kuna maabara ya mifugo ya Kabete.

Koksi hutibiwa kwa amproliamu, ambayo siyo antibayotiki. Unga wa asilimia 20 hutiwa gramu 1.2 kwa lita kwa siku 3 hadi 5, kisha gramu 0.3 kwa lita kwa wiki moja au mbili. Siku hizo usiwape vitamini B, kwa sababu dawa hufanya kazi kwa kumnyima mdudu vitamini B1 na wewe utakuwa unamrudishia. Toa maranda yaliyolowa siku hiyohiyo.

Utumbo kuoza unahitaji antibayotiki, na kumnyima kuku mgonjwa ni ukatili usio na faida. Aandike daktari, na dozi ihesabiwe kwa uzito wa kuku. Tuseme ameandika miligramu 20 za amoksilini kwa kilo kwa siku. Kuku 500 wa siku 21 wenye gramu 900 ni kilo 450, hivyo gramu 9 za dawa halisi, sawa na gramu 45 za unga wa asilimia 20. Kundi hilo hunywa kama lita 100 kwa siku, lakini siku ya joto kali linaweza kunywa 150. Ukifuata "kijiko kwa lita" tu, siku hiyo umewazidishia kwa nusu, na wakiwa wagonjwa wasiotaka maji umewapunja. Wape siku zote zilizoandikwa hata wakichangamka siku ya pili.

Muda wa kusubiri kabla ya kuchinja umeandikwa kwenye lebo, na huhesabiwa kuanzia dozi ya mwisho. Dozi ya mwisho ikiwa siku ya 30 na lebo ikitaka siku 7, kuku hao hawachinjwi kabla ya siku ya 37. Mnunuzi akija siku ya 34, mweleze na umpe tarehe. Andika kwenye ukuta wa banda jina la dawa, kiasi, siku ya kuanza na kumaliza. Mbolea ya kundi lililotibiwa irundikwe, ilowanishwe kidogo, ifunikwe ipate moto, na igeuzwe kwa wiki kadhaa kabla haijapelekwa kwenye bustani ya mchicha. Unga wa dawa uliobaki usiutie kwenye chakula "ili usipotee", urudishe kwa daktari wa mifugo aliyeuandika.